Silabi za Kiitaliano hazilingani kwa muda

Tangu mwanaisimu wa Marekani Kenneth Pike alipozigawa lugha, mwaka 1945, katika zile zinazofuata mapigo ya silabi na zile zinazofuata mapigo ya mkazo, yaani zile ambazo muda kati ya mkazo mmoja na mwingine ndio unaodhaniwa kuwa sawa, imezoeleka kusemwa kwamba Kiitaliano ni cha kundi la kwanza: kila silabi yake huchukua muda sawa na nyingine. Vipimo vya sauti havikubaliani na dai hilo.

Tutazame neno fato, yaani majaliwa, na fatto, yaani jambo lililotendeka. Katika la kwanza, irabu a yenye mkazo hurefuka kwa kuwa silabi yake huishia kwa irabu hiyo, bila konsonanti baada yake. Katika la pili, irabu hiyohiyo hufupishwa, na ncha ya ulimi hukaa nyuma ya meno ikizuia pumzi kwa muda unaokaribia maradufu ya ule wa t moja. Anayepuuza tofauti hiyo hubadilisha maana, si lafudhi tu.

Naamini kilichowapotosha wengi ni kwamba irabu zisizo na mkazo, ingawa ni fupi, hutamkwa kwa ukamilifu wake na hazififii kama za Kiingereza, hivyo sikio huchukulia uwazi wa sauti kuwa usawa wa muda.