Je, wajua mimea ya Aktiki hufanya nini chini ya theluji?

Ukiona picha ya Alaska au Siberia mwezi Januari, utaihurumia mimea iliyofukiwa na theluji. Wa kuhurumiwa hasa ni ule uliobaki nje. Tawi lililochomoza hupigwa na upepo uliojaa chembe za barafu. Gome hukwanguka na machipukizi hukauka, kwani mizizi iliyo kwenye udongo ulioganda haiwezi kupandisha maji. Ndiyo maana vichaka vya tundra, yaani nyanda za baridi zisizo na miti, mara nyingi huishia kimo cha theluji yenyewe.

Theluji mpya ni hewa zaidi kuliko barafu, na hewa iliyonaswa haipitishi joto upesi. Kwa hiyo theluji nene ni blanketi hasa: juu yake kukiwa na nyuzi 30 chini ya sifuri, udongo ulio chini unaweza kubaki kwenye nyuzi 5 hadi 10 tu chini ya sifuri.

Bado hiyo ni baridi ya kugandisha. Mmea hujiandaa mapema kwa kulimbikiza sukari ndani ya seli na kuacha maji yatoke, yakagande kwenye nafasi zilizo kati ya seli. Huko nje barafu huvumilika. Ikijiunda ndani, huchana utando na seli hufa.

Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba mingine haingoji theluji iishe. Jua likirudi baada ya giza refu la majira ya baridi, mwanga kidogo hupenya. Cassiope tetragona, kichaka kifupi chenye vijani kama magamba vilivyopangana safu nne, hakipukutishi majani, hivyo huweza kuanza usanisinuru humo humo. Kaboni dioksaidi haikosekani: bakteria na kuvu wa udongoni huendelea kupumua, na theluji huichelewesha gesi hiyo kutoroka. Saxifraga oppositifolia, mmea mfupi unaotambaa, nayo huwa imeshaunda matumba tangu kiangazi kilichopita. Theluji ikiondoka, maua ya zambarau hufunguka baada ya siku chache.

Balaa ni joto kuja katikati ya majira ya baridi. Theluji huyeyuka, mmea huamka na kulegeza kinga zake, kisha baridi kali huukuta wazi. Ndivyo ilivyotokea kaskazini mwa Skandinavia Desemba 2007. Kiangazi cha 2008, vichaka vilionekana vimeharibika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,400.