Shantaji katika riwaya za upelelezi: mnamuua mtu siye

Miswada ya vijana inayonifikia hapa Lubumbashi ina maiti yule yule. Mfanyabiashara wa kobalti ana siri, mtu wa shantaji, yaani anayetishia kuitoboa siri hiyo asipolipwa, anadai dola 5,000, mfanyabiashara anakataa. Sura ya pili anaokotwa amekufa nyuma ya baa moja Kamalondo. Nikiuliza kwa nini, najibiwa: "Si alikataa kulipa, mwalimu?"

Dhana: anayekataa kulipa huuawa.

Nani anachinja ng'ombe anayemkamua? Maiti halipi. Katika hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1844, waziri anamtawala bibi mkubwa wa ikulu kwa sababu tu ameishika barua yake. Siku akiitumia, nguvu imekwisha. Mwenye haja ya kuua ni anayekamuliwa.

Mtazameni Milverton, mtu wa shantaji katika kisa cha mpelelezi Sherlock Holmes cha Conan Doyle, 1904. Anadai pauni 7,000 kwa barua za Lady Eva. Holmes anamwambia binti hana zaidi ya 2,000. Milverton hatikisiki: ana wengine wanane au kumi wanaongoja zamu, na wakiona yaliyompata huyu watalipa upesi. Basi akikataliwa, anatoboa siri. Haui. Anayeuawa ni yeye, kwa risasi za mwanamke ambaye Milverton aliwahi kumtendea hivyo hivyo, na Holmes, aliyejificha nyuma ya pazia, anamwacha mama wa watu aende zake.

Hapo daima kuna mmoja atakayenitajia Agatha Christie, 1926: mbona kwake mtu wa shantaji anaua? Anaua, ndiyo, lakini someni vizuri. Anayechomwa kisu ni Roger Ackroyd, ambaye hakutozwa hata senti. Bi Ferrars, aliyekuwa akilipa, amekwisha kujiua na kumwandikia Ackroyd barua inayomtaja mtesi wake. Muuaji anawahi kabla jina halijasomwa, kwa kuwa sasa mwenye siri ni yeye. (Simtaji, kuna ambao hawajafika mwisho.) Mkitaka mtu wa shantaji aue, mpeni sababu ya namna hiyo.

Dhana: shida ya mtu wa shantaji ni pesa tu.

Daubrecq, mbunge katika kisa cha Arsène Lupin cha 1912, ana orodha ya wakubwa 27 waliochafuka kwa kashfa ya mfereji. Ameificha ndani ya jicho lake la kioo. Hataki pesa tu, anataka pia wakubwa hao wamtetemekee.

Dhana: akifa, siri imezikwa.

Enzi ya barua moja, sawa. Leo picha iko kwenye simu, na pengine imeshatumwa kwa shemeji yake kule Likasi. Mhusika anayeua bila kuuliza imefika wapi ni mjinga, na msomaji wa Katuba ataliona hilo kabla yenu. Halafu, jamani, acheni kuwalipa hawa watu kwa M-Pesa! Namba ina jina la mtu. Mpelelezi atamaliza kazi ukurasa wa tatu, na ninyi bado mna kurasa mia mbili za kujaza.