Jua la Mei halipashi bahari ya Brighton

Wikiendi ya mapumziko ya mwisho wa Mei hapa Brighton, kusini mwa Uingereza, ufuo umejaa watu kutoka gati la Palace Pier hadi Hove, nilisikia tena maneno yale yale: "Mwalimu, leo joto, maji yatakuwa mazuri." Aliyesema ni kijana wa Likoni, muogeleaji hodari kuliko wengi ninaowafundisha hapa. Nikamwambia aingie polepole, aloweshe uso, atulize pumzi. Akanijibu kuwa bahari ni bahari, na yeye ni mtoto wa Pwani. Akakimbia, akapiga mbizi.

Alipoibuka mdomo ulikuwa wazi, mabega yamepanda hadi masikioni, anavuta pumzi juu ya pumzi na hakuna inayotoka. Maji yalimfika kifuani tu. Alinishika mkono kwa nguvu, na ilipita zaidi ya dakika kabla hajaweza kusema neno.

Nimeshasikia dhana hii mara nyingi mno, kwamba hewa ikipata joto, bahari nayo imepata, na kila mara naingiwa na hofu ile ile. Haiko hivyo. Maji hupokea joto polepole na huliachia polepole. Hapa bahari huwa baridi kuliko wakati wote mwezi wa Februari na Machi, ikishuka hadi nyuzi 7 au 8, na hufika kileleni Agosti na Septemba, nyuzi 17 au 18 hivi. Mwisho wa Mei, siku watu wanapovua mashati, maji bado yako kwenye nyuzi 12. Mombasa au Unguja hata wakati wa kusi huyakuti chini ya 24. Aliyekulia kwenye maji hayo hajawahi kukutana na kinachompata Brighton, hata kama aliogelea kabla ya kutembea.

Kinachompata ni mshtuko wa baridi. Ngozi ikipoa ghafla, mwili huvuta pumzi moja kubwa bila kukuomba ruhusa, kisha pumzi zinaenda mbio, moyo unadunda, shinikizo la damu linapanda. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati wa ile pumzi ya kwanza, unavuta maji. Ndiyo maana nakataza kupiga mbizi, na nitaendelea kukataza. Hali hiyo hutulia ndani ya dakika 1 hadi 3, na katika dakika hizo ustadi wa kuogelea hauna kazi, kwa sababu huwezi kupanga pumzi na mikono pamoja. Anayejikuta humo asipambane. Ushauri wa RNLI, shirika la uokoaji baharini la hapa, ni kuelea: laza kichwa nyuma mpaka masikio yaingie majini, chezesha mikono taratibu, ngoja pumzi irudi, ndipo uite msaada au uogelee.

Dhana nyingine ninazosikia ni hizi. "Baridi huua taratibu, nitajua mapema." Mwili kupoa hadi kiwango cha hatari huchukua nusu saa au zaidi, hilo ni kweli. Lakini mshtuko huja kwanza, na baada yake mikono na miguu huishiwa nguvu muda mrefu kabla hujaganda. Wanaozama kwa baridi wengi hawafiki huko kwenye kuganda.

"Wazungu wana damu nyingine." Hili huja kila Desemba, watu wanapowaona wazee wa miaka 70 wakiingia majini asubuhi ya Krismasi. Klabu ya kuogelea ya Brighton ipo tangu 1860, na kabla yake, katika karne ya 18, watu walikuja mji huu kuchovywa baharini kama dawa. Martha Gunn, mwanamke aliyejulikana kuliko wote kwa kazi hiyo ya kuwachovya, amezikwa hapa hapa. Siyo damu. Wazee hao waliingia Agosti na hawakuacha, wakashuka pamoja na joto la maji wiki hadi wiki. Mara 5 au 6 za dakika chache zinatosha kupunguza mshtuko karibu nusu. Mswahili akifanya hivyo atapata matokeo hayo hayo. Asiyeogelea tangu Septemba asianze siku ya Krismasi.

Kinywaji kikali kabla ya kuingia? Hapana. Pombe hupeleka damu kwenye ngozi, unahisi joto huku unalipoteza.

"Ufuo wa mawe hauna mawimbi ya kutisha." Kokoto za gumegume zimejipanga kwa mteremko mkali, kwa hiyo wimbi huvunjika pale pale miguuni pako, linakuangusha, halafu linavuta kokoto chini ya nyayo unapojaribu kutoka. Hapa maji ya bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita 6, na ufuo wa asubuhi siyo ule wa jioni. Chunguza kwanza utakapotokea, na vaa viatu vya mpira.

La mwisho ni la baada ya kutoka, na hapa huwa mkali. Watu hutoka wakicheka, wanasimama kupiga picha na nguo za maji mwilini. Mwili huendelea kupoa ndani hata ukiwa nchi kavu, na mtetemeko mkali huja baada ya dakika 10 hivi, vidole vikiwa haviwezi tena kufunga kifungo. Usikimbilie bafu la maji moto, unaweza kuzirai. Jikaushe, vaa, kunywa chai ya tangawizi kwenye chupa, keti. Nguo zipangwe kabla hujaingia, ya kuvaliwa kwanza ikiwa juu ya rundo.

Kijana wa Likoni alirudi Septemba. Aliingia hadi kiunoni, akajimwagia maji usoni, akasimama akihesabu pumzi zake kwa sauti. Alipofika 40 akajilaza majini, akaogelea.