Makato ya wafanyakazi si mtaji wa kampuni: yarekebishe haya kabla ya 31 Julai

Kila tarehe 31 Julai inapokaribia, maswali kuhusu Fomu 5500, taarifa ya kila mwaka ya mpango wa kustaafu, huongezeka, na nyuma yake huja malalamiko ya wafanyakazi wanaoyaona makato kwenye hati ya mshahara lakini hawayaoni kwenye akaunti zao za kustaafu. Makala haya yanawalenga waajiri wanaotumia Kiswahili nchini Marekani: wakandarasi, mashirika yasiyo ya faida, na mwajiri yeyote mwenye mpango wa 401(k) au 403(b), yaani mpango wa kustaafu unaochangiwa kutoka kwenye mshahara. Tunazungumzia sheria za shirikisho pekee. Jimbo lako linaweza kuwa na masharti ya ziada, na makala haya hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria au mhasibu anayeijua hati ya mpango wako.

Tunaamini waajiri wengi hawana nia ya kumdhulumu mtu. Kinachowaponza ni akaunti moja ya benki inayobeba kila kitu: malipo ya awali ya mteja, ruzuku, makato ya mishahara, kodi. Salio likinona, linatumika, na sehemu kubwa ya salio hilo huenda ni mali ya mtu mwingine.

Makato yatumwe lini

Dhana inayotusumbua kuliko zote ni ile ya "tarehe 15". Wengi wanaamini wana haki ya kukaa na makato hadi katikati ya mwezi unaofuata. Hapana. Kanuni inataka makato yahamishiwe kwenye mpango mara tu yanapoweza kutenganishwa na fedha za mwajiri. Siku ya 15 ya kazi ya mwezi unaofuata ni ukomo wa nje kabisa. Haikupi ruhusa ya kungoja. Ikiwa unalipa mishahara Ijumaa na kwa kawaida makato yamefika kwenye mpango ifikapo Jumatano, basi umejipimia mwenyewe: uwezo wako ni siku tatu za kazi. Ukituma siku ya kumi umechelewa, hata kama mwezi haujaisha. Mpango wenye washiriki chini ya 100 una nafuu moja: ukituma ndani ya siku 7 za kazi, unahesabiwa umetuma kwa wakati.

Njia ya kujikagua ni rahisi na haihitaji mtaalamu. Chukua ripoti za mishahara za mwaka mzima na taarifa za benki. Kwa kila malipo, yawe 26 au 52, andika safu nne: tarehe ya mshahara, kiasi kilichokatwa, tarehe fedha zilipotoka benki, na siku za kazi zilizopita kati ya tarehe hizo mbili. Safu ya nne ndiyo mkaguzi ataitazama kwanza. Mara nyingi utakuta tatu, tatu, mbili, tatu, kisha ghafla kumi na tisa. Tafuta sababu ya hiyo kumi na tisa. Karibu kila mara ni bonasi iliyolipwa nje ya ratiba, au wiki ambayo mtu pekee mwenye nywila ya kutuma fedha alikuwa likizo. Dawa yake ni kumpa mtu wa pili idhini ya kutuma, kwa maandishi, kabla likizo haijafika.

Ukigundua umechelewa, usingoje mkaguzi. Tuma makato, kisha kokotoa faida ambayo wafanyakazi wameikosa kwa kutumia kikokotoo kilichopo kwenye tovuti ya Wizara ya Kazi, na uiweke kwenye akaunti zao. Kwa makato ya dola 4,000 yaliyochelewa siku 20, hata riba ikiwa asilimia 7 kwa mwaka, hasara ni dola 15 na senti kadhaa. Kiasi ni kidogo, lakini wajibu uko palepale: ucheleweshaji huo ni muamala uliokatazwa, yaani mwajiri ametumia fedha za mpango kwa manufaa yake, unapaswa kuonyeshwa kwenye Fomu 5500, na kwa kawaida hulipiwa kodi ya asilimia 15 ya riba hiyo kupitia Fomu 5330. Tangu 17 Machi 2025 Wizara imeruhusu mwajiri kujirekebisha mwenyewe kwa kutoa taarifa kwa njia ya mtandao, ikiwa faida iliyokosekana haizidi dola 1,000 na makato yalifika ndani ya siku 180 tangu yalipokatwa.

Kosa la pili hujificha kwenye neno "mshahara". Hati ya mpango inaeleza ni malipo gani yanahesabiwa: bonasi imo au haimo, ovataimu imo au haimo. Programu ya mishahara nayo ina mipangilio yake, iliyowekwa na mtu ambaye huenda hajawahi kuisoma hati hiyo. Mfanyakazi amechagua kuchangia asilimia 6, anapewa bonasi ya dola 2,000, hati inasema bonasi imo, programu haikati kitu. Dola 120 zimepotea. Makosa ya namna hii, kwa kawaida, yanamlazimu mwajiri kuchangia kutoka mfukoni mwake asilimia 50 ya mchango uliokosekana, mchango wake wote wa kulinganisha (ule anaouongeza juu ya mchango wa mfanyakazi), pamoja na faida. Akigundua na kurekebisha mapema na kuwaarifu wafanyakazi, ile asilimia 50 inaweza kushuka hadi 25, na ndani ya miezi mitatu hadi sifuri. Tunawasihi: kila programu ya mishahara inapobadilishwa, keti na hati ya mpango mkononi, upitie kila aina ya malipo moja baada ya nyingine. Kampuni inayotunza kumbukumbu za mpango haikufanyii kazi hii. Inapokea takwimu unazoituma, basi.

Kwa wakandarasi

Mkandarasi anayeishiwa fedha mara nyingi ana kazi tele. Tatizo ni kwamba anapima hali yake kwa salio la benki badala ya ratiba ya kazi zinazoendelea, yaani jedwali linalolinganisha gharama, kazi iliyofanyika na ankara za kila mkataba. Tuchukue mkataba wa dola 800,000 ambao gharama yake inakadiriwa kuwa dola 640,000. Hadi leo umetumia 320,000, yaani nusu. Mapato uliyoyatolea jasho ni dola 400,000. Lakini ankara ulizopeleka kwa mteja na kulipwa zinafikia 480,000. Zile 80,000 za ziada ni deni: umeshalipwa kazi ambayo hujaifanya. Sasa bei ya chuma ipande na makadirio ya gharama yafike 700,000. Umefika asilimia 45.7 tu, mapato yako ni takriban 365,700, na deni limepanda hadi karibu 114,300, bila mtu yeyote kugusa benki.

Ndiyo maana makadirio ya gharama ya kumalizia kazi yanapaswa kupitiwa upya kila mwezi, na anayeyapitia awe msimamizi aliyeko kwenye eneo la ujenzi pamoja na mhasibu, si mhasibu peke yake. Kampuni inayokupa dhamana ya mkataba itauliza swali moja: fedha za ankara zilizotangulia kazi ziko wapi? Kama zimelipia kazi nyingine, itajua. Sehemu ambayo mteja huizuia hadi kazi ikamilike iandikwe kando pia, isichanganywe na ankara zinazosubiri kulipwa mwezi huu.

Kwenye miradi ya serikali ya shirikisho inayozidi dola 2,000, Sheria ya Davis-Bacon ya 1931 inakutaka ulipe mshahara wa msingi pamoja na kiasi cha mafao kilichotajwa kwa kila fani. Tuseme fani fulani imepangiwa dola 28 za msingi na dola 12 za mafao kwa saa. Ukichangia dola 5 kwenye mpango wa kustaafu, dola 7 zilizobaki lazima zimfikie mfanyakazi, ama kwa fao jingine halali ama kwa fedha taslimu. Kuchangia kwenye mpango kuna faida ya kweli kwa mwajiri, kwa sababu kile kinacholipwa taslimu ni mshahara na hutozwa kodi za mishahara. Lakini mchango uwe umeshatoka mikononi mwako moja kwa moja, usioweza kurudishwa, na uende angalau kila robo mwaka. Kuuandika kwenye daftari na kuutuma Desemba hakukubaliki. Ripoti za mishahara hupelekwa kila wiki zikiwa na tamko lililosainiwa, ndani ya siku saba tangu siku ya malipo. Anayesaini anathibitisha ukweli wake, na tamko la uongo linaweza kumfikisha kwenye mashtaka ya jinai au kufungiwa zabuni za shirikisho kwa miaka mitatu.

Wakandarasi wadogo unaowapa kazi wajaze Fomu W-9, yenye jina na namba yao ya mlipakodi, kabla ya malipo ya kwanza. Ukiisubiri Januari, mtu ameshabadilisha simu. Asiyetoa namba ya mlipakodi anapaswa kukatwa asilimia 24 ya malipo yake. Chukua pia cheti cha bima yake ya ajali kazini, maana asipokuwa na bima, kampuni ya bima yako inaweza kukutoza kana kwamba yeye ni mfanyakazi wako.

Kwa mashirika yasiyo ya faida

Hapa tutakuwa wafupi, kwa sababu mengi yaliyotangulia yanawahusu pia. Ruzuku yenye masharti ya mfadhili iandikwe peke yake tangu siku inapoingia, na muda wa watumishi wanaolipwa kwa fedha za shirikisho uthibitishwe na kumbukumbu za kazi iliyofanyika. Asilimia zilizokuwa kwenye bajeti pekee hazitoshi. Shirika linalotumia dola 1,000,000 au zaidi za shirikisho kwa mwaka linahitaji ukaguzi maalumu. Kiwango hicho kilikuwa 750,000 kwa miaka ya fedha iliyoanza kabla ya 1 Oktoba 2024.

Mashirika madogo yanasahau jambo moja kila mara. Kutokuwa na mapato makubwa hakukuondolei wajibu wa kutoa taarifa kwa IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho. Shirika ambalo mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 hujaza Fomu 990-N, kazi ya dakika chache mtandaoni. Ukiiacha miaka mitatu mfululizo, hadhi ya msamaha wa kodi inafutika yenyewe kwa nguvu ya sheria, na hakuna afisa mwenye uwezo wa kuizuia. Kuirudisha ni kuomba upya na kulipa ada: dola 275 kwa fomu fupi au 600 kwa ile ndefu.

Wenye mpango wa 403(b) wakumbuke kwamba nafasi ya kuchangia kutoka kwenye mshahara hutolewa kwa karibu kila mfanyakazi. Kumwacha mpishi au dereva kwa kudhani mpango ni wa "maofisa" ni kosa, nalo lina gharama.

Na hili ni la waajiri wote. Kodi ya mapato uliyomkata mfanyakazi, pamoja na asilimia 6.2 na 1.45 za hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee), umeishika kwa amana. Isipofika, IRS inaweza kumdai binafsi mtu aliyekuwa na mamlaka ya kulipa, kiasi kilekile, asilimia 100, awe mmiliki, mweka hazina au karani mwenye saini ya hundi. Kulipa saruji au pango huku ukijua kodi haijalipwa kunatosha kuhesabiwa kwamba ulikusudia.

Tarehe, faini, na mlango uliobaki wazi

Kwa mpango unaofuata mwaka wa kalenda, Fomu 5500 ni 31 Julai. Fomu 5558, ombi la kuongezewa muda, ikipelekwa kabla ya tarehe hiyo, inasogeza hadi 15 Oktoba. Ukivuka 15 Oktoba, nyongeza hiyo inafutika na siku za kuchelewa zinahesabiwa kuanzia 31 Julai.

Kabla ya kujaza, hesabu washiriki. Tangu mwaka wa mpango wa 2023 wanaohesabiwa ni wenye salio kwenye akaunti siku ya kwanza ya mwaka, na wakifika 100 mpango kwa kawaida unahitaji ukaguzi wa hesabu, isipokuwa ulijaza kama mpango mdogo mwaka uliopita na hujazidi 120. Waliokwisha kuacha kazi wakiwa na salio wamo kwenye hesabu hiyo. Hati ikiruhusu, wenye salio lisilozidi dola 7,000 wanaweza kuondolewa bila kusubiri ridhaa yao. Kazi hiyo ifanyike kabla mwaka haujaanza. Hakikisha pia dhamana ya uaminifu, inayoufidia mpango fedha zake zikiibwa na wanaozishika, inafikia asilimia 10 ya fedha za mpango, kwa kawaida isiyozidi dola 500,000. Bima ya kuwalinda wasimamizi haichukui nafasi yake.

Fomu 5500 ikichelewa, IRS hutoza dola 250 kwa siku hadi 150,000. Wizara ya Kazi ina faini yake, hadi dola 2,739 kwa siku kwa kiwango cha 2025. Siku 75 za kuchelewa kwa IRS peke yake ni dola 18,750. Mwajiri anayejitokeza mwenyewe kupitia utaratibu wa hiari wa Wizara hulipa dola 10 kwa siku, isiyozidi 750 kwa fomu moja ya mpango mdogo au 2,000 kwa mkubwa. Akiwa na miaka kadhaa kwa mpango mmoja, ukomo ni 1,500 au 4,000, na kwa mpango mdogo wa shirika la hisani la 501(c)(3) ni 750 kwa miaka yote. IRS nayo husamehe faini yake ukikamilisha utaratibu huo na kupeleka Fomu 8955-SSA, taarifa ya walioacha kazi wakiwa na mafao kwenye mpango, pale inapohitajika.

Sharti ni moja: uwe hujapokea barua ya Wizara ya Kazi kuhusu fomu hiyo. Barua ya IRS peke yake haifungi mlango. Basi bahasha ikifika, ifungue siku hiyohiyo, angalia imetoka wapi, na andika tarehe ya kupokelewa juu yake kabla ya kumpigia simu mtu yeyote.