Maana ya "mstari wa umaskini" katika bima ya afya ya Marekani

Kila Novemba, dirisha la kujiandikisha bima ya afya linapofunguliwa huku Marekani, nasikia kauli ileile kwa Waswahili wenzangu: "Sisi tuko juu ya mstari wa umaskini, kwa hiyo msaada ule hautuhusu." Safari moja niliisikia kwa dereva wa lori aliyejiajiri, mwenye mke na watoto wawili, ambaye alikuwa amekwisha kuikunja barua ya bima mara nne na kuitia mfukoni kabla sijapata nafasi ya kuisoma.

Kwa kifupi, miongozo ya umaskini, ambayo ndiyo huo "mstari", ni viwango vya mapato ambavyo Wizara ya Afya na Huduma za Jamii ya Marekani huvitangaza kila mwanzo wa mwaka kwa kufuata idadi ya watu katika kaya. Nafuu ya kodi ya bima ni fedha ambazo serikali hutoa ili kupunguza ada ya bima iliyonunuliwa katika masoko yaliyoanzishwa na sheria ya bima ya afya ya 2010, maarufu kama Obamacare, na ukubwa wake hutegemea mapato ya kaya ni asilimia ngapi ya kiwango hicho. Miongozo ya 2024 ilikuwa dola 15,060 kwa mtu mmoja na dola 31,200 kwa watu wanne, isipokuwa Alaska na Hawaii, ambako viwango ni vya juu zaidi.

Kinachonikera ni neno "mstari" na jinsi tunavyolielewa. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, katika mzizi uleule unaozaa "mistara", yaani rula. Sisi tumebaki na alama na kukisahau chombo kilichoipiga, kiasi kwamba tukisikia "mstari wa umaskini" tunaona chaki iliyochorwa uwanjani, walio huku wanapewa na walio kule wanakosa. Sheria ya bima haikitumii kiwango hicho kuwakosesha walio juu yake. Hukishika kama fundi cherehani anavyoshika futi, ikayapima mapato yako na kuuliza kiwango kimeingia mara ngapi.

Futi yenyewe, tena, ilikatwa jikoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mollie Orshansky, mwanauchumi wa Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii, alichukua gharama ya mpango wa chakula wa bei ya chini kabisa uliotungwa na Wizara ya Kilimo, akaizidisha kwa 3, kwa sababu utafiti wa 1955 ulionyesha kwamba familia zilitumia karibu theluthi moja ya mapato yao kwa chakula. Tangu wakati huo hesabu ile imekuwa ikiongezwa kwa kufuata kupanda kwa bei tu, ingawa familia nyingi leo humalizwa na kodi ya nyumba na malezi ya watoto kuliko mkate na maziwa. Mtu kuwa "juu" ya kipimo cha namna hiyo hakutuambii mengi kuhusu hali yake.

Turudi kwa dereva wetu. Alitarajia kaya yake ingepata dola 78,000 katika mwaka 2025, na bima ya 2025 hupimwa kwa miongozo ya 2024, kwa kuwa uandikishaji huanza kabla miongozo mipya haijatoka. Gawanya kwa 31,200, unapata mara mbili na nusu, yaani asilimia 250. Kwa mwaka huo, mwenye asilimia 250 alitakiwa kuchangia asilimia 4 ya mapato yake, sawa na dola 260 kwa mwezi, kwa bima ya kulinganishia, ambayo ni ile ya pili kwa bei ya chini katika daraja la Silver, moja ya madaraja ya bima yanayouzwa katika masoko hayo. Ada iliyozidi hapo ndiyo nafuu aliyokuwa ameikunja mfukoni.

Anayetaka mpaka uliochorwa kwa chaki ataupata mahali pengine. Sheria ya 2010 iliuweka juu, kwenye asilimia 400. Ukaondolewa kwa muda mwaka 2021, na sheria ya 2022 ikarefusha muda huo hadi mwisho wa 2025. Mpaka wa chini ndio wa ajabu zaidi, kwani kwa kawaida aliye chini ya asilimia 100 hapati nafuu hii kabisa. Waliotunga sheria walidhani mtu huyo angepokewa na Medicaid, yaani bima ya serikali kwa wenye mapato madogo, lakini mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliyaachia majimbo hiari ya kuipanua, na majimbo kama Texas na Florida hayakufanya hivyo. Huko, katika mstari ule tunaouogopa, anayekosa ni aliye chini yake.

Na "kaya" hapa ni watu walioandikwa katika fomu yako ya kodi. Mama aliyeko Kigoma, hata ukimtumia fedha kila mwezi bila kukosa, haingii katika hesabu hiyo.

Basi, ndugu yangu, ukiulizwa Novemba ijayo, usijibu kwamba uko juu ya mstari. Sema, "Mapato yetu ni mara mbili na nusu ya kiwango cha watu wanne," hata kama sentensi ni ndefu kidogo na anayeuliza ana haraka.