Vinywaji vya kienyeji vya India kwa msimu wa joto: maswali na majibu

Kuanzia Aprili hadi mvua za monsuni zinapoingia mwezi Juni, sehemu kubwa ya India huwa na joto ambalo wengi wetu hatujawahi kukutana nalo. Ndugu zetu wako huko mwaka mzima: wagonjwa waliokwenda kutibiwa Chennai, Delhi na Ahmedabad, wauguzaji wao, na wanafunzi. Majibu haya ni kwa ajili yao, na kwa yeyote anayetaka kujua kwa nini familia za Kihindi hunywa wanavyokunywa.

Joto la India lina tofauti gani na letu la pwani?

Tofauti kubwa ni ukavu. Dar es Salaam na Mombasa mara chache hupita nyuzi joto 35, lakini hewa imejaa unyevu na nguo zinalowa. Kaskazini mwa India, mwezi Mei na Juni, huvuma upepo mkavu wa moto ambao wenyeji huuita *loo*. Idara ya Hali ya Hewa ya India haitangazi wimbi la joto katika nyanda tambarare mpaka kipimo kifike angalau nyuzi 40. Tarehe 19 Mei 2016 mji wa Phalodi, jimbo la Rajasthan, ulifika 51.

Katika ukavu huo jasho hukauka likitoka tu. Mtu anajigusa shingo, anakuta pakavu, anadhani hatoki jasho, na kumbe anapoteza maji saa baada ya saa. Hapo ndipo wageni wengi hunaswa.

Athari zake si ndogo. Ahmedabad, mji mkubwa wa Gujarat, ulipata wimbi la joto Mei 2010, na watafiti walikuja kukadiria kwamba mwezi ule vilitokea vifo 1,344 zaidi ya kawaida. Mwaka 2013 mji huo ukaanzisha mpango wa kukabili joto, wa kwanza Asia Kusini: maonyo ya mapema kwa wananchi, sehemu za kunywa maji, mafunzo kwa wahudumu wa afya. Leo Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Maafa ya India, inapotoa ushauri wa msimu wa joto, hutaja ORS (mchanganyiko wa chumvi na glukosi unaokorogwa kwenye maji ili kurudisha maji mwilini) sambamba na vinywaji vya nyumbani: lassi, maji ya limau, maziwa ya mtindi yaliyozimuliwa, na *torani*, yaani maji ya wali uliolowekwa usiku kucha kama wanavyofanya watu wa Odisha.

Ni ubaridi wa kinywaji ndio unaopoza mwili?

Kwa kiasi kidogo sana. Piga hesabu. Nusu lita ya maji ya friji, yenye nyuzi 5, huchukua takriban kilokalori 16 za joto la mwili wako mpaka ifikie nyuzi 37. Nusu lita ya jasho linalokauka juu ya ngozi huondoa takriban kilokalori 290. Kazi kubwa ya kinywaji, basi, ni kuupa mwili maji ya kutengenezea jasho. Barafu ni raha ya ulimi, na raha hiyo ina faida yake kwa sababu humfanya mtu anywe zaidi, lakini maji ya kawaida yanatosha kabisa.

Nyumba nyingi za India bado zina *matka*, mtungi wa udongo. Maji hupenya polepole kwenye ngozi ya mtungi, yakikauka kwa nje yanaondoka na joto. Bibi zetu wa pwani walijua hivyo hivyo, na wala hawakuhitaji umeme.

Kwa nini karibu kila kinywaji kina chumvi?

Kwa sababu jasho lina chumvi. Anayebeba mizigo juani kutwa akinywa maji matupu lita nyingi anaweza kushusha sodiamu kwenye damu yake. Kichwa kitauma, atasikia kichefuchefu, na ikizidi atachanganyikiwa.

Sukari kidogo nayo ina kazi yake. Ukuta wa utumbo mwembamba una protini inayopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji huzifuata. Elimu hiyo ndiyo iliyozaa ORS, na mojawapo ya majaribio yake makubwa yalifanyika India. Mwaka 1971, wakati wa vita vya uhuru wa Bangladesh, wakimbizi walijaa Bangaon, West Bengal, na kipindupindu kikawaingilia. Dripu zilikuwa hazitoshi. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na glukosi kwenye maji safi, na ndugu za wagonjwa wakawa wanawanywesha wenyewe. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 ya wagonjwa hadi chini ya asilimia 4.

Lakini elewa mpaka wake. Ukishinda ndani kivulini na unakula milo yako ya kawaida, chumvi ya chakula inakutosha. Usianze kujiwekea chumvi kwenye kila glasi.

Kama ni kuchagua kimoja, kipi?

*Chaas*, bila kusita. Gujarat, ambako wazee wa Wahindi wengi wa Afrika Mashariki walitoka, chakula cha mchana hakijakamilika bila glasi yake. Kitamil huitwa *neer mor*. Chukua kikombe kimoja cha mtindi mzito usio na sukari, vikombe vitatu vya maji safi, upige kwa mwiko au mchapo mpaka utoke povu. Tia bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, nanaa au majani ya giligilani, kipande kidogo cha tangawizi, na chumvi kwa ncha za vidole. Basi.

Nakipenda kwa sababu kinarudisha maji, kinaleta potasiamu, kalsiamu na protini kidogo, na hakina sukari ya kuongezwa. Hata wengi ambao maziwa mabichi huwavuruga tumbo hustahimili mtindi, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya sukari ya maziwa. Lassi ni ndugu yake, ila ni nzito, na ile tamu ya mahotelini huwa ni kitindamlo kwenye glasi.

Na ile juisi ya maembe mabichi?

Huitwa *aam panna*, na kaskazini mwa India ndiyo dawa ya nyumbani dhidi ya *loo*. Maembe mabichi mawili huchemshwa na maganda yake au kuchomwa kwenye majivu ya moto mpaka yalegee, nyama yake hukamuliwa, kisha huchanganywa na sukari guru, bizari nyembamba iliyokaangwa, nanaa na chumvi nyeusi, ile chumvi ya mawe ya India yenye harufu kali. Vijiko viwili vitatu vya mchanganyiko huo kwenye glasi ya maji vinatosha.

Kama kinywaji cha kurudisha maji na chumvi, ni kizuri kweli. Kama kinga ya kukuwezesha kutembea juani saa saba mchana, hapana. Nasisitiza hili kwa sababu imani hiyo huwapeleka watu hospitali. Angalia pia sukari: mapishi mengi huweka sukari sawa na embe lenyewe, wakati theluthi yake ingetosha.

Vibarua wa Bihar hunywa nini asubuhi?

*Sattu*, unga wa dengu zilizokaangwa. Vijiko vitatu vikubwa hukorogwa kwenye maji, pamoja na limau, kitunguu kilichokatwa vipande vidogo, pilipili mbichi, bizari na chumvi. Katika kila gramu 100 za unga huo kuna takriban gramu 20 za protini, kwa hiyo glasi mbili humfikisha mtu mchana akiwa na nguvu. Ni chakula cha wanyonge kwa bei, na kwa lishe kinashinda soda zote za dukani. Anayeanza aweke unga kidogo, maana tumbo lisilozoea hujaa gesi.

Vingine nivitaje kwa haraka. *Kokum* ni maganda mekundu machachu ya tunda la pwani ya Konkan. *Panakam* ya kusini ni sukari guru, tangawizi kavu na hiliki. Kuna sharubati ya shamari ya Gujarat, na *jaljeera*, ambayo ni maji ya bizari na ukwaju. *Thandai* ya maziwa na lozi hunywewa hasa sikukuu ya Holi, na hapo mgeni aulize kwanza, kwani wakati mwingine hutiwa bhang, yaani bangi.

Ni kweli kwamba tukmaria, zile mbegu ndogo nyeusi za mrehani, zina "baridi"?

Tiba za jadi za India hugawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi, na watu wa pwani yetu wanao mgawanyo wa namna hiyo. Vipimo vya joto la mwili havitaonyesha tukmaria zikishusha chochote. Zinachofanya ni kuvimba kwa maji na kuleta nyuzinyuzi, jambo jema kwa choo. Ziloweke mpaka zivimbe kabisa kabla ya kunywa, na mtoto mdogo asipewe zikiwa kavu, zinaweza kumpalia.

Mama ana presha na kisukari, na tunampeleka India mwezi Mei. Anywe nini?

Maji, na chaas isiyotiwa chumvi. Chumvi nyeusi isikudanganye, sehemu yake kubwa ni sodiamu ileile. Sukari guru hupandisha sukari ya damu kama sukari nyeupe. Akiwa na ugonjwa wa figo, madafu yaachwe mpaka daktari aruhusu, kwa sababu yana potasiamu nyingi. Mwenye moyo dhaifu aliyepangiwa kiasi cha maji kwa siku asikivuke kwa sababu ya joto bila kuuliza. Na kama anameza dawa za kukojoza, mwulizeni daktari wake kabla ya safari kama dozi ibadilishwe. Swali hilo husahaulika sana.

Wazee hawasikii kiu haraka. Usimwulize kama anataka maji, mpe glasi mkononi. Mkojo ukiwa wa rangi iliyokolea, amechelewa.

Mtoto chini ya miezi sita hapewi chochote kati ya hivi. Ni ziwa la mama tu, mara nyingi zaidi.

Vya barabarani je?

Juisi ya miwa na maji ya limau ya mitaani vinavutia, ila hatari iko kwenye barafu, maji na vyombo. Homa ya matumbo haiangalii kiu yako. Dafu lililopasuliwa mbele yako ni salama zaidi. Chupa ya maji, hakikisha kifuniko hakijafunguliwa.

Kiasi gani kinatosha, na lini kinywaji hakitasaidia tena?

Anayefanya kazi kwenye joto anywe kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu, na asizidishe takriban lita 1.4 kwa saa.

Mtu akianza kizunguzungu, misuli kukaza na udhaifu, mweke kivulini na umpe ORS au maji yenye chumvi na limau, kidogo kidogo. Lakini akiongea ovyo, akizimia, akipata degedege, au mwili ukiwaka kwa nyuzi 40, hicho ni kiharusi cha joto. Usimnyweshe kitu, kinaweza kuingia mapafuni. Mvue nguo za ziada, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, weka barafu kwapani, shingoni na kwenye mapaja kwa juu. Ukiwa India piga 108 au 112, na uendelee kumpoza mpaka gari lifike. Kila dakika unayomwacha na joto lile inaumiza ubongo na figo.

Nyumbani nitavitengenezaje bila viungo vya kule?

Mtindi tunao, maembe mabichi yapo, ukwaju, limau, nanaa na bizari nyembamba ziko kila soko. Pasipo chumvi nyeusi tumia ya mezani, nusu ya kipimo. Sattu utaipata kwa kukaanga dengu kavu polepole mpaka zinukie, kisha uzipeleke mashineni. Kamulio la embe lililochemshwa hukaa friji siku tatu nne kwenye chupa safi iliyofungwa. Chaas ni ya siku hiyo hiyo.