Nafasi za gridi zisipolingana, hujakosea

Wengi wanaochora mistari ya latitudo na longitudo juu ya ramani ya mtandaoni hushtuka wakiona ile ya latitudo inazidi kuachana kadiri inavyosogelea ncha za dunia. Hudhani wamekosea hesabu, kisha huisogeza ili nafasi zilingane. Tafadhali usifanye hivyo! Mstari ulioandikwa 60 utapita mahali pasipo pake.

Ramani nyingi za mtandaoni hufuata projeksheni (njia ya kuhamisha uso wa dunia ulio mviringo kwenye ramani bapa) ya Mercator. Duniani, mistari ya longitudo hukutana kwenye ncha: digrii moja ni kama kilomita 111 kwenye ikweta, lakini kwenye latitudo 60 ni nusu yake tu. Mercator huichora sambamba, yaani hutanua upana, na ili maumbo yasipotoke huvuta na urefu. Ndiyo maana nafasi kati ya 60 na 70 inazidi mara mbili ile ya kati ya 0 na 10. Kwenye ncha yenyewe mvuto huo hauna kikomo, hivyo ramani hukatwa karibu na digrii 85.

Kwenye Mercator mistari yote ya gridi imenyooka, hivyo pointi mbili zinatosha kuchora kila mstari. Ukibadili projeksheni weka nyingi, la sivyo mstari unaopaswa kupinda utanyooka.